Wiki Sita za Mikia Isiyolingana

Nyumbani kwao, ukimtoa mumewe, hakuna aliyejua hasa alichokuwa akifanya kazini, na kwa kweli hilo lilimfaa. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, aliwahi kumuuliza mbele ya wageni, "Hivi mkwe wangu, huko chuo kikuu unafanya kazi gani?" Naye akajibu bila kupepesa macho, "Napima mikia, mama." "Mikia ya nini?" "Ya vitu vidogo vidogo, havionekani kwa macho." Mama mkwe akawageukia wageni akawaeleza kwamba mkwe wake anachunguza vijidudu ili watu wasiugue. Yeye hakumsahihisha; ulikuwa uongo wa heshima, usiomdhuru mtu. Angesemaje? Kwamba kila asubuhi ya Mungu hukaa kwenye stuli akichungulia mbegu za kiume za panya, za ndege, za mende na za konokono, akizichora moja moja kwa penseli?

Chuoni walimwita Mama Vioo kwa sababu ya slaidi, vile vipande vyembamba vya kioo alivyovisafisha, akavipaka tone, akavikausha, akavitia rangi na kuvipanga kwenye droo kwa miaka thelathini na sita. Droo zilikuwa arobaini, za chuma, na kila moja iliguna ikivutwa. Chumba chake kilikuwa namba tisa, ghorofa ya chini, kati ya stoo ya kemikali na choo cha wanafunzi. Dirisha lake moja lilipakwa rangi nyeupe hadi nusu ili jua lisififishe slaidi, na sinki lilikuwa na doa la zambarau lisilotoka kwa sabuni wala kwa maombi. Humo ndani alizeeka, na mtu asimwonee huruma, maana alizeeka kwa raha zake.

Wiki ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho kwake. Ijumaa angeagwa, na toka Jumatatu alikuwa akifungua droo hii na ile bila kazi yoyote ya maana, akisoma tu maandishi yake mwenyewe ya penseli. Ni ya penseli kwa sababu wino huondoka na spiriti, jambo ambalo kila mwanafunzi mpya hulijua baada ya kupoteza kazi ya mwezi mzima.

Alikuja pale akiwa na miaka ishirini na minne na cheti cha ufundi wa maabara. Profesa, mwanamume mrefu ambaye miwani yake ilifungwa kwa waya upande mmoja, hakumuuliza swali hata moja la usaili. Alimketisha kwenye hadubini.

"Niambie unaona nini."

"Viluwiluwi," alisema yeye, kwa kuwa ndivyo watu wote wanavyodhani, na safari hiyo alikuwa amepatia.

"Hizo ni za samaki. Haya, hizi?"

"Zina vichwa vya ndoano."

"Panya. Na hizi?"

"Zimesokotwa kama skrubu."

"Ndege. Hizi je?"

"Hizi hazina mkia kabisa, Profesa. Zina miiba miiba kama nyota."

"Za kaa, yule wa majini mwenye magando." Kisha akaweka kioo kingine, akasubiri huku akijikuna kidevu. Msichana akachungulia, akainua kichwa, akachungulia tena.

"Hapa umekosea, Profesa. Nywele imeanguka."

Profesa alicheka hadi miwani ikamtoka. Haikuwa nywele. Ilikuwa mbegu moja ya nzi wa matunda, wale wanaozengea ndizi zilizoiva, na ukiinyoosha inamzidi nzi mwenyewe kwa urefu. Ya tembo, akamwambia, haifikii hata robo ya hiyo. Msichana akauliza, "Kwa nini?" Akaajiriwa hapo hapo.

Jibu la swali lile lilimchukua Profesa miaka yote iliyobaki, lakini alipenda kulifupisha hivi. Kiumbe anayemwaga mbegu zake majini hana haja ya madoido. Mbegu ndogo nyepesi inatosha. Ila mbegu inayosafiri ndani ya mwili wa jike inapita njia ambazo jike ndiye mwenye nazo, na njia hizo, kizazi hadi kizazi, zinarefuka, zinapinda, zina vijumba vya kuhifadhia. Njia ikibadilika, msafiri naye inambidi abadilike. Juu ya hayo kuna wapinzani. Jike akipandwa na madume watatu, mbegu za wote watatu hukutana njiani, na ile isiyo ya kipimo huachwa. Ndiyo maana kwa wanyama wa namna hiyo mbegu hulingana urefu kama askari wa gwaride. Lakini pale dume mmoja na jike mmoja wanapotulia, hakuna mashindano, na kila mbegu hujiotea inavyotaka, ndefu kwa fupi.

"Kwa hiyo, Fundi," alikuwa akimwambia, maana yeye hakumwita Mama Vioo hata siku moja, "ukinipimia mikia ishirini ya mnyama nisiyemjua, nitakuambia siri za nyumba yake."

Wanafunzi walipocheka kichini chini wakati wa mhadhara, aliwaambia, "Mficha uchi hazai," akaendelea kuchora ubaoni.

Kupima ndiko kulikokuwa kazi ya Mama Vioo hasa. Siku hizo hakukuwa na kompyuta ya kupigia picha. Hadubini ilifungwa mkono wenye kioo cha kuakisi, na ukichungulia uliona mbegu imelala juu ya karatasi iliyo mezani na ncha ya penseli yako ikiifuata. Ukishachora, ulilaza uzi juu ya mstari, kona kwa kona, ukaukata, ukaunyoosha kando ya rula. Basi. Mkia uliopinda mara saba haupimiki kwa rula peke yake.

Uzi huo aliuchagua mumewe. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya soko, mcheshi, mwenye sindano mbili daima kwenye ukosi wa shati. Mkewe alipomweleza shida yake, hakuuliza mengi. Alivuta nyuzi kutoka rili tisa mbele yake, moja baada ya nyingine, akazitupa nane.

"Huu hapa. Hauvutiki, haujikunji, hata ukilowa. Lakini unapimia nini kwa uzi huu?"

Akamwambia, kwa mara ya kwanza, waziwazi. Fundi cherehani aliutua mkasi.

"Mimi wanaume nawapima suti," alisema. "Kumbe mwenzangu umenipita mbali."

Utani huo ulidumu miaka kumi na saba. Akirudi amechoka, mumewe humuuliza, "Leo wateja wako wamekuwa saizi gani?" Naye humjibu kwa milimita. Walikuwa na maisha mazuri, tusizunguke; ya vyumba viwili na watoto wawili, na hadi leo akisikia cherehani ikikimbia kwenye kibanda cha mtu hupunguza mwendo.

Kisha mumewe akaugua figo. Alilazwa wiki sita. Mama Vioo na wifi yake walipokezana kulala naye hospitalini, usiku huu mmoja, usiku ule mwingine, kwenye kiti cha plastiki kisichoegemeka. Profesa alimwambia abaki nyumbani. Alikataa. Alisema akikaa nyumbani atawaza, na kazini kuna ndege wa kupimwa, wale wadogo wa kahawia wenye utosi mweusi waliojenga viota kwenye nyasi za bwawa la chuo. Mikia mia moja na ishirini. Aliipima yote; ni siku kumi tu ambazo daftari halina kitu, za mazishi na matanga.

Mikia ile ilitoka ovyo, mirefu kwa mifupi. Profesa aliishika ile karatasi ya hesabu kwa mikono miwili. Akaandika makala kwamba huyu ndege ni wa ndoa moja, mwaminifu kuliko jirani zake wote, na makala ikasomwa mbali. Ilimpeleka kwenye mikutano ya nchi tano. Idarani wakampa ndege yule jina la Bwana Ndoa, na mhadhiri yeyote akioa, basi hakukosekana mtu wa kusimama na kumtakia awe kama Bwana Ndoa wa bwawani. Mama Vioo alikuwa akicheka na wenzake. Moyoni alimpenda ndege huyo kwa sababu yake mwenyewe, kwamba katika wiki zile mbaya kuliko zote kulitoka kitu chema.

Hayo ni ya miaka kumi na tisa iliyopita. Profesa naye alifariki, huu mwaka wa nne. Maabara ikachukuliwa na Daktari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa miguu na wa maneno, ambaye alileta kompyuta na kuanza kuzipiga picha slaidi zote za droo arobaini. Walielewana vizuri. Daktari alikuwa hamwiti ila Mama, na akipata biskuti hugawa nusu.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho, Daktari aliingia namba tisa akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, kaa kidogo."

"Nimekaa."

"Nimewapima upya Bwana Ndoa. Slaidi zile zile, mia na ishirini. Zinalingana. Zote. Hazipishani hata unene wa unywele."

"Kompyuta yako imekosea."

"Nilidhani hivyo. Nikaenda bwawani na wanafunzi, tukachukua damu ya vifaranga. Kiota kimoja, vifaranga wanne, baba watatu."

Mama Vioo alitaka kucheka, maana Bwana Ndoa wa watu, kumbe! Lakini uso wa Daktari haukuwa na kicheko. Aliweka mezani daftari la zamani la vipimo, na juu yake karatasi moja iliyochapwa. Ilikuwa barua kwa jarida lililotoa makala ile.

"Mimi nilimheshimu Profesa," alisema Daktari. "Lakini slaidi zinasema hivi na daftari linasema vile. Na namba za daftari zinampa yeye kile kile alichokuwa anakitafuta. Mtu akisoma ataona nini? Zilitungwa, Mama. Sina neno jingine."

"Profesa hakutunga."

"Basi ni uzi. Uzi ulivutika."

"Uzi haukuvutika," alisema Mama Vioo, kwa ukali uliomshangaza yeye mwenyewe.

Daktari alimwangalia, akasema barua ataituma Alhamisi mchana, akamwachia daftari.

Saa ya chakula wengine walipotoka, yeye alibaki. Alifungua kurasa zile ambazo hakuwa amezigusa miaka kumi na tisa. Mwandiko ulikuwa wake, ulioinama kidogo kulia. Jumatatu, mirefu. Jumanne, mifupi. Jumatano, mirefu. Alhamisi, mifupi. Mtu anayetunga namba huzichanganya. Hizi zilikwenda kwa zamu. Na wiki mbili za mwisho kabla ya zile kurasa tupu, mikia yote ilikuwa mifupi, siku baada ya siku.

Aliijua zamu hiyo. Jumatatu usiku yeye, Jumanne usiku wifi, Jumatano usiku yeye. Na zile wiki mbili za mwisho alilala pale kila usiku, kwa sababu daktari wa wodi alikuwa ameshawaambia.

Akakumbuka kile kiti cha plastiki, na asubuhi zake, shingo imekakamaa haiinami. Akakumbuka kitabu cha simu, kile kinene cha manjano, alichokitoa rafuni akakiweka chini ya karatasi ya kuchorea ili asiiname sana. Kitabu tu, cha kumpa nafuu. Na alikuwa yeye huyo huyo aliyewafundisha wanafunzi miaka nenda miaka rudi kwamba karatasi hulala juu ya meza tupu, usiiinue hata kwa kipande cha gazeti, kwa sababu ukiisogeza karibu na kile kioo cha kuakisi, picha inapungua. Asubuhi za kutoka hospitali, aliinua. Asubuhi za kutoka nyumbani, hakuinua. Mikia ya ndege ilikuwa sawasawa. Ni yeye aliyekuwa halingani.

Profesa alikuwa akikagua mara mbili kazi ya kila mtu pale idarani. Ya Fundi wake hakuikagua.

Sasa tuseme ukweli, kwa kuwa na yeye aliusema baadaye. Hakukimbilia kwa Daktari siku ile. Ijumaa mkuu wa kitivo angesimama mbele ya watu na kusema kwamba kwa miaka thelathini na sita mama huyu hajawahi kukosea, na hotuba hiyo ilikuwa imeshachapwa, ameiona kwa karani. Hakukuwa na mtu duniani anayejua habari ya kitabu cha simu. Profesa hana mke wala mtoto wa kuona uchungu. Jumatano nzima alifuta vumbi kwenye droo ambazo hazikuwa na vumbi, akijiambia kwamba marehemu hasikii. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, na hilo ndilo hasa lililokuwa likimkera. Mtu aliyemwamini hata asimkague, leo anaitwa mwongo, na shahidi pekee amekaa kimya akisubiri keki.

Alhamisi asubuhi Daktari alipofika alikuta hadubini ya zamani imetolewa kabatini, mkono wake wa kioo umefungwa, na Mama Vioo amevaa koti jeupe lililopigwa pasi.

"Chukua slaidi yoyote ya Bwana Ndoa," alisema. "Chagua wewe."

Daktari akachagua. Mama Vioo akachora mkia, karatasi juu ya meza tupu. Macho hayakuwa yale ya zamani, alikwenda polepole. Akalaza uzi, akaukata, akaunyoosha kando ya rula. Sentimita kumi na tisa. Kisha akachukua kamusi nene, akaiweka chini ya karatasi mpya, akachora mkia ule ule, akakata uzi wa pili. Kumi na tano na nusu. Akazilaza nyuzi mbili ubavu kwa ubavu, akafungua daftari, akamwonyesha Jumatatu na Jumanne.

Kisha akaeleza. Alieleza kiti, zamu, wifi, kitabu. Alieleza kwa sauti ile ile anayofundishia, mpaka alipofika kwenye kurasa tupu, hapo akaomba maji.

Daktari alizishika zile nyuzi, akazilinganisha tena. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, ulikuwa unauguza."

"Nilikuwa napima pia."

"Barua nitaibadilisha. Nitaandika kwamba ni kosa la kipimo, karatasi iliinuliwa. Profesa atakuwa salama." Akavuta kompyuta, akaanza kuandika. "Nitasema fundi wa maabara. Inatosha hiyo. Makala yenyewe ilisema hivyo, 'tunamshukuru fundi wetu', hakuna atakayejua ni nani."

"Makala zote zilisema hivyo," alisema Mama Vioo. "Arobaini na moja, nimezihesabu."

Hakusema kwa kulalamika. Lakini akiwa amekaa pale, koti limemkaa vizuri, alihisi kitu ambacho hakuwa amekipa nafasi miaka yote hiyo, na kiliuma. Mikia yote iliyochorwa, nzi, panya, kaa, mende wale wa majini ambao mbegu zao huogelea zikiwa zimeshikana makundi makundi, yote ilikuwa ya mkono wake, na yote ilitembea duniani kwa jina la mtu mwingine. Hakuwahi kudai, na Profesa, kwa wema wake wote, hakuwahi kuuliza.

"Andika jina langu," alisema.

"Mama, hili ni kosa. Ndiyo itakuwa mara ya kwanza jina lako kuonekana, na litaonekana kwenye kosa. Kwa nini ujifanyie hivyo, na kesho unaagwa?"

"Kwa sababu ni langu. Wakitaka kujua nani aliinua karatasi, wanijue. Na wakishanijua, watajua kwamba na ile mikia mingine yote ilipimwa na mtu."

Daktari alimtazama, kisha akageukia kompyuta. Akaandika nusu ya sentensi. Vidole vikasimama juu ya vitufe, vikakaa hapo hapo. Shingo yake ilianza kuiva kwa aibu.

Miaka minne walikuwa wamekaa chumba kimoja, wamegawana biskuti.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "jina lako ni nani?"

Mama Vioo alisogeza stuli karibu ili aione skrini. Akalitaja, majina yote matatu, polepole, na alipoona herufi moja imerukwa akamrudisha nyuma airekebishe.